Flashi kwenye redio ya gari: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Dodoma

Kazi yangu ni redio na umeme wa magari, hapahapa mjini. Wanaokuja kwangu ni mchanganyiko: watumishi waliohamia na ofisi zao za Mtumba, madereva wa Noah wa Kondoa, wazee wa Bahi na Mpwapwa wenye pikapu za zamani. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kwamba redio imekufa. Kabla sijashika bisibisi huwa natoa flashi yangu mfukoni na kuichomeka. Ikiimba, basi redio yako ni nzima na mgonjwa ni flashi uliyokuja nayo. Fanya hivyo hivyo kabla hujalipa hela ya fundi, hata kwa flashi ya kuazima kwa jirani.

Redio inaandika "NO FILE", au inazunguka tu haiimbi. Shida nini?

Shida ya kwanza kabisa ni fomati. Flashi haimwagiwi nyimbo hovyo kama mahindi kwenye gunia. Ina mpangilio wake wa ndani unaoiambia redio kitu gani kimekaa wapi. Utakayokutana nayo ni mitatu: FAT32, exFAT na NTFS. FAT32 ni ya zamani, imekuwapo tangu 1996, na kwa sababu ya uzee huo redio karibu zote zinaielewa. NTFS ni ya kompyuta za Windows, redio nyingi haziijui. exFAT inasomwa na baadhi ya redio mpya za skrini, ila redio ya kawaida ya vitufe utaibembeleza bure.

Chomeka flashi kwenye kompyuta, bonyeza kulia kwenye jina lake, fungua sifa zake, na pale juu utaona imeandikwa nini. Kama si FAT32, jibu umeshalipata.

Naifomati vipi bila kuharibu?

Hamishia kwanza kila unachokitaka kwenye kompyuta, maana kufomati kunafuta vyote. Kisha bonyeza kulia, chagua kufomati, weka FAT32, na ukubwa wa vipande uuache kama ulivyo au uweke kilobaiti 32. Baada ya hapo rudisha nyimbo. Ukimaliza, itoe kwa kuiaga kompyuta kwanza. Usiinyofoe. Nusu ya flashi zinazoniletea matatizo ziliwahi kunyofolewa wakati kompyuta bado inaandika.

Flashi yangu ni GB 64 na Windows hainipi FAT32.

Ni kweli, kwa miaka mingi dirisha la kawaida la Windows limekuwa likigoma kutoa FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32. Hiyo ni kanuni ya Windows yenyewe. FAT32 inaweza kubeba zaidi ya hapo bila tabu, na programu ya bure inayoitwa Rufus itakufanyia kazi hiyo. Ila nikuulize, GB 64 za nyimbo za nini? Kwa gari mimi napendekeza GB 8 au 16. Redio huisoma flashi yote kila unapowasha gari, na flashi kubwa iliyojaa inaweza kukufikisha viwanja vya Nanenane ikiwa bado inatafuta wimbo wa kwanza.

GB 16 inaingia nyimbo ngapi?

Inategemea ubora. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni kama MB 4. Ya kilobiti 320 inakula MB 2.4 kwa dakika, wimbo uleule unafika karibu MB 10. Hapo GB 16 inabeba nyimbo 4,000 na zaidi za ubora wa chini, au 1,600 hivi za ubora wa juu.

Zile 4,000 ni zaidi ya saa 260 za muziki. Dodoma hadi Dar ni kilomita kama 450, tuseme saa saba ukiheshimu hamsini za vijijini. Utaenda na kurudi mara 19 kabla wimbo wa kwanza haujajirudia. Kwenye spika za kawaida za gari, dirisha likiwa wazi na lami inaunguruma, kilobiti 192 zinatosha kabisa. Anayekuambia anasikia tofauti ya 320 ndani ya Probox, mwache afurahi.

Nilinunua flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Nyimbo za mwanzo zinaimba, za mbele zinakwaruza au hazipo kabisa.

Pole, umepigwa. Hizo ni flashi za GB chache ambazo ubongo wake umechezewa ili useme uongo kwenye kompyuta. Ukivuka ujazo wake halisi, haikatai. Inaandika juu ya nyimbo zilizotangulia, au inajifanya imepokea huku inatupa. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, inaijaza flashi nzima kisha inasoma tena na kukuambia ukweli. Inachukua muda, kanywe chai kwanza. Hata mimi mwenye kazi yangu nimewahi kuuziwa, kumi kwa mpigo, kwenye duka ambalo sitalitaja. Nilizipima jioni ile ile na hakuna hata moja iliyofika GB 8.

Ni aina gani ya faili inayokubalika?

MP3. Ukitaka kulala usingizi, weka MP3 tupu.

WMA husomwa na redio nyingi pia, hasa za Kijapani. M4A inasomwa na baadhi. FLAC na WAV ni nzito na mara nyingi zinahitaji redio mpya. Sasa tatizo kubwa siku hizi ni OPUS: sauti zilizorekodiwa WhatsApp kwa kubonyeza maiki huja hivyo, na redio ya gari haizioni kabisa. Mzee mmoja kutoka Bahi aliniletea flashi yenye ngoma za muheme, akina mama wa kijijini kwao wanapiga, kijana wake karekodi kwa simu na kumtumia. Simu inaimba, redio kimya. Alikuwa ameshakubali kununua redio nyingine. Nilizibadilisha kuwa MP3 kwenye kompyuta, dakika kumi, mzee akakaa garini na mlango wazi akisikiliza mpaka jua likazama.

Angalizo: kubadilisha jina mwishoni, ukafuta "opus" ukaandika "mp3", hakubadilishi kitu. Ni kumvalisha mbuzi kengele ya ng'ombe. Lazima programu iligeuze faili lenyewe. VLC inaweza, na ni ya bure.

Nyimbo nilizopakua Spotify nikihamishia kwenye flashi hazipo au haziimbi.

Hazitaimba. Zimefungwa ndani ya programu hiyo kwa akaunti yako. Zisikilize kwa simu kupitia Bluetooth au waya wa AUX.

Nimepanga nyimbo vizuri kwenye kompyuta, redio inazivuruga. Kwa nini?

Hili ndilo swali la mabibi harusi, makondakta na watu wa kwaya, na lina maelezo marefu kidogo.

Kompyuta inapokuonyesha nyimbo kwa alfabeti, inakupangia wewe machoni tu. Ndani ya flashi nyimbo zimekaa kwa mfuatano zilivyoandikwa: iliyoingia kwanza ipo kwanza. Redio nyingi za bei nafuu hazijisumbui kupanga, zinasoma orodha ile kama ilivyo. Ndiyo maana ukiongeza wimbo mmoja leo unakwenda mwisho, hata kama jina lake linaanza na A.

Dawa ya kwanza: yape mafaili namba zenye tarakimu sawa, 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, redio inayopanga kwa herufi itakupa 1, 10, 2. Dawa ya pili: fomati flashi, kisha nakili zote kwa mkupuo mmoja zikiwa zimeshapangwa. Kwenye Windows, chagua zote halafu ushike ule wa kwanza kabisa wakati wa kuburuta, kwa sababu uliyemshika ndiye anayetangulia kuandikwa. Dawa ya tatu ni programu za kupanga upya orodha ya ndani bila kunakili tena: DriveSort kwa Windows, fatsort kwa Linux.

Na weka folda. Injili peke yake, zilipendwa peke yake, singeli za vijana peke yake. Usiweke folda ndani ya folda ndani ya folda. Redio nyingine zikishuka ngazi nane zinakata tamaa. Vilevile nyingi zina kikomo cha mafaili kwa kila folda, na 255 ni kikomo utakachokikuta mara nyingi. Ukimwaga nyimbo 1,500 mahali pamoja halafu ukaona 255 tu, redio haijaziiba.

Jina la faili ni sahihi ila redio inaonyesha jina lingine, au tangazo la tovuti fulani.

Ndani ya MP3 kuna kibandiko kinachobeba jina la wimbo, msanii na albamu, na redio husoma hicho, haisomi jina la faili. Waliokupakulia wameweka tangazo lao humo. Fungua kwa programu ya Mp3tag, safisha, hifadhi kwa toleo la ID3v2.3 ambalo redio nyingi zinaliafiki. Ukiwa humo humo, ondoa picha kubwa za albamu, zinachelewesha redio kuanza wimbo.

Kila nikizima gari, redio inaanza wimbo wa kwanza na saa inarudi sifuri.

Hapa flashi haina kosa. Angalia waya.

Redio inapata umeme kwa njia mbili. Waya wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, haukatiki, na ndio unaotunza kumbukumbu: saa, stesheni, wimbo ulioishia. Waya mwekundu unapitia swichi ya ufunguo na kazi yake ni kuiambia redio iwake au izime. Mweusi unaungwa kwenye bodi ya gari. Wa bluu ni wa antena au ampli. Mweupe, kijivu, kijani na zambarau, kila mmoja na mwenzake mwenye mstari mweusi, ni za spika.

Aliyefunga redio akigeuza njano na nyekundu, au akiziunga zote pamoja kwenye waya wa ufunguo, kumbukumbu inakatika kila ukizima. Akiziunga zote kwenye betri ni balaa la upande mwingine: redio haizimiki na ufunguo, na asubuhi unasukuma gari. Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi. Ila kabla hujaamini rangi, pima kwa mita, maana waya za gari lenyewe nyuma ya redio zina rangi za kiwanda chao, hazifuati hizi nilizotaja. Kama njano iko sawa, kagua fyuzi ya redio. Ikiungua ile ya kumbukumbu, dalili ni zilezile.

Gari langu la Japani halina tundu la USB kabisa. Ninunue redio mpya?

Tulia kwanza. Njia zipo, na nyingine hazina gharama kubwa.

Tazama usoni mwa deki. Kama kuna neno MP3 karibu na mlango wa CD, inasoma CD ya data. CD moja ya MB 700 inabeba nyimbo kama 170 za kilobiti 128, na hiyo ni zaidi ya saa kumi na moja. Hakikisha anayekuchomea anachoma CD ya data. Akikuchomea ya muziki wa kawaida utapata dakika 80 tu. Kama kuna tundu la AUX, waya wa simu unamaliza kazi. Angalia pia ndani ya droo ya abiria na kisanduku cha kuegemeza mkono. Nimeshawaonyesha watu tundu la USB walilokuwa nalo miaka mitatu bila kujua.

Kisha kuna kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Kinasoma flashi na kuirusha kwa FM, redio inakidaka kama stesheni. Wengi kinawashinda kwa sababu moja: redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya kwao, inayoanzia 76 na kwa zile za zamani inaishia 90. Sisi huku tunatumia 87.5 hadi 108. Ukiseti kidude kwenye 101, redio ya IST yako haifiki huko hata uizungushe mpaka kesho. Seti kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni. Ukitoka mjini, huenda ukahitaji kubadilisha tena kama stesheni ya mji mwingine imekalia masafa yako. Sauti haitakuwa safi kama ya waya, tusidanganyane.

Ukiamua kununua redio, pima nafasi. Ya kawaida ndogo ni upana wa milimita 180 kwa kimo cha 50, kubwa ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina uwazi wa milimita 200, kwa hiyo redio ya 180 inaacha mapengo pembeni yanayozibwa kwa fremu. Ulizia fremu na soketi ya kuunganishia kabla ya kulipa. Fundi akitaka kukata soketi ya gari ili aunge waya kwa mkono, mwambie asubiri, soketi zinauzwa.

Nilitoa betri, sasa redio inadai namba ya siri kwa Kijapani.

Ni ulinzi dhidi ya wizi. Redio za aina hiyo hujifunga umeme ukikatika, na baadhi hudai kadi yake ya SD ya ramani. Usibahatishe namba, nyingine hujifunga zaidi kila ukikosea. Na kama ulichomoa kadi ile ukaifuta uweke nyimbo, ndipo shida ilipoanzia. Tafuta fundi anayezifungua kwa namba inayoonekana kwenye skrini.

Wimbo mmoja unapiga kelele, unaofuata hausikiki.

Zimerekodiwa kwa viwango tofauti. Programu ya MP3Gain inazisawazisha bila kuharibu ubora; kiwango cha desibeli 89 kilichomo ndani kinafaa. Zilipendwa na Bongo Fleva zikikaa flashi moja bila kusawazishwa, mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti.

Flashi imeingia virusi, folda zote zimekuwa shotikati. Redio itaambukizwa?

Hapana, virusi hivyo ni vya Windows. Ila nyimbo zako vimezificha, ndiyo maana redio haizioni. Mara nyingi bado zimo. Kama flashi yako ni E, fungua dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikitokea, hamisha nyimbo peke yake, futa shotikati, kisha fomati. Vibanda vya kuingiziwa nyimbo ndiko virusi hivyo vinakopatikana zaidi, kwa kuwa kompyuta ile inachomekwa flashi za mji mzima.

Joto letu na vumbi haviiui?

Vinaichosha. Flashi nyingi zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 60 zikifanya kazi, na gari lililofungwa juani mwezi Novemba, dashibodi yake inaweza kufika huko. Ichomoe ukiegesha mchana kutwa. Nunua ile fupi ya kucha, kwenye barabara ya vumbi ndefu inatikisika na kulegeza tundu.

Nachomeka, taa ya flashi inawaka ila redio haioni kitu.

Jaribu tundu jingine. Magari mengi yana tundu la kuchajia tu, lenye umeme bila njia ya nyimbo. Na kama ulichochomeka ni diski kubwa ya nje, tundu la kawaida la USB linatoa miliampea 500, na diski nyingi za kuzunguka zinataka zaidi.

Napiga nyimbo kwenye daladala. Kuna mtu wa kunidai?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, muziki unaowapigia abiria ni wa hadharani, tofauti na unaousikiliza garini mwako na familia. Kaulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu wa leseni ukoje sasa, msisubiri mpaka mfuatwe kituoni.

Kwa nini nihangaike na flashi wakati redio na simu zipo?

Mjini hapa husumbuki. Jaribu kwenda Tabora ukiwa katika pori la Chaya, au Babati ukianza kupanda baada ya Kolo. Redio inakoroma, intaneti inapotea, na safari bado.

Flashi imefutika na ilikuwa na nyimbo zisizopatikana popote. Zinarudi?

Usiandike kitu chochote juu yake, hata wimbo mmoja. Kufuta huondoa jina kwenye orodha, muziki wenyewe unabaki mpaka kitu kingine kikalie nafasi yake. Programu ya PhotoRec, ya bure, inaweza kuzichimbua, ingawa majina yatakuwa yamepotea na utalazimika kusikiliza mmojammoja ndiyo ujue ni upi.

Yule mzee wa Bahi alirudi baada ya miezi kadhaa. Mjukuu alikuwa ameifomati flashi ili aweke miksi zake. Zilikuwa ngoma 40. Nilipata 31 nzima, tisa zimekatika katikati. Tukakaa naye benchi, yeye anasikiliza na kunitajia jina la kila moja kwa Kigogo, mimi naandika. Safari hii nakala nimeiacha kwenye kompyuta yangu, na nyingine kaondoka nayo kwenye memori kadi, kaifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho chake.